Mke Mgeni Apigwapo, Arudishwe kwa Nani?

Zipo kazi ambazo askari hufundishwa chuoni na kuzirudia mpaka zikamwingia damuni: kukaa lindo, kufuata nyayo za mhalifu, kuandika maelezo ya shahidi bila ya kuongeza wala kupunguza. Ipo na kazi nyingine inayomjia kituoni karibu kila juma, ambayo wengi huihesabu kuwa si kazi bali ni udhia. Nayo ni ile ya mwanamke aingiaye na jicho lililovimba, akasema kwamba aliyempiga ni mumewe. Mara nyingi jibu huwa limekwisha kuwa tayari kabla yeye hajamaliza kusema. Huambiwa, "Mama, hayo ni mambo ya nyumbani. Rudini mkapatane."

Hapana shaka wengi wasemao hivyo hawasemi kwa ubaya. Wamelelewa katika nyumba ambazo ugomvi wa mke na mume ulisuluhishwa na wazee, na kwao polisi alikuwa mtu wa wezi na wauaji. Lakini tazama hesabu. Katika kila mmoja wa miaka 2020, 2021 na 2022, ripoti za Jeshi la Polisi la Uganda zilionyesha zaidi ya mashauri 17,000 ya ukatili wa nyumbani yaliyofikishwa vituoni. Nao uchunguzi wa taifa juu ya idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanawake 51 katika kila 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikwisha kupigwa au kuumizwa mwilini tangu walipotimiza miaka 15. Jambo linalowapata nusu ya wanawake wa nchi haliwezi tena kuitwa siri ya chumbani, na askari asemaye kwamba halimhusu amejipunguzia mwenyewe sehemu kubwa ya kazi aliyoapa kuifanya.

Leo, hata hivyo, sikusudii kuwazungumzia wanawake wote. Nataka kumzungumzia mmoja tu kati yao, yaani mwanamke mgeni: mkimbizi, mhamiaji, au mke aliyeletwa na mumewe kutoka ng'ambo ya mpaka. Shabaha yangu ni kuonyesha kwamba yale maneno "rudini mkapatane", ambayo kwa mwanamke wa hapa huenda yakawa ushauri mbaya, kwa mwanamke mgeni hayana maana hata kidogo.

Kwanza tuyachunguze maneno yenyewe. Wazee wetu waliposema watu wapatane, hawakuwa na maana kwamba mke arudi peke yake gizani kwa mtu aliyempiga. Walikuwa na utaratibu. Katika Buganda na Ankole mke aliyeteswa alifunga mzigo wake akaenda kwa wazazi wake. Wenyewe huita okunoba. Wanyarwanda na Warundi nao wanalo neno lao, kwahukana, kwa safari hiyo hiyo ya kurudi kwao. Akiisha kufika kwao, shughuli ilikuwa ya mume. Ilimpasa aje, tena asije mikono mitupu, aketi mbele ya baba mkwe na mashemeji, aulizwe alichofanya na kwa nini. Shangazi wa mke, ambaye Waganda humwita ssenga, alikwisha kuzungumza na binti faraghani na kuyajua yote ambayo binti asingeweza kuyatamka mbele ya wanaume. Mume alionywa, akatozwa, na alijua kwamba akirudia atakutana na watu wale wale, wenye mikono na wenye kumbukumbu. Huko ndiko kulikuwa kupatana. Kulisimama juu ya ukoo, na ukoo ulikuwa karibu.

Sitaki nieleweke vibaya, kana kwamba enzi hizo zilikuwa za peponi. Binti wengi walirudishwa kwa waume wakatili kwa sababu ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kuliwa au kuozea kaka, na hapakuwa na wa kurudisha. Ndiyo maana Mahakama ya Juu ya nchi hii, mnamo Agosti 2015, ilitamka kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Hata hivyo, mwanamke aliyerudishwa alikuwa amekwisha kuonekana. Watu walijua. Palikuwa na mlango wa pili wa kugonga.

Sasa mtazame mgeni. Uganda imewapokea wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, na walio wengi ni wanawake na watoto. Wapo Nakivale na Oruchinga, wapo Kyaka na Rwamwanja, wapo Kyangwali na Kiryandongo, wapo Bidibidi, Imvepi, Rhino Camp na Adjumani, na maelfu wengine wamepanga vyumba Kampala. Tufanye mfano wa mmoja aliyevuka Ziwa Albert kwa mtumbwi kutoka Ituri wakati wa machafuko ya mwaka 2018, akafikishwa Kyangwali. Baba yake aliuawa au hajulikani alipo. Kaka mmoja yuko Bunia, mwingine alikimbilia upande mwingine. Dada hajasikika. Mume amepoteza shamba, amepoteza ng'ombe, amepoteza heshima aliyokuwa nayo kijijini, na jioni akipata chochote hukimalizia kwenye waragi. Ampigapo mkewe, na mke akaja kituoni kwako, wewe ukamwambia arudi nyumbani, ni nyumbani kupi? Kwao ni Djugu, na Djugu bado watu wanachinjwa. Atakwenda okunoba kwa nani?

Utasema wapo wazee hata katika makazi ya wakimbizi. Ni kweli; wamo viongozi wa mabaraza ya wakimbizi, na wengi wao ni watu wa busara. Lakini watu waliokimbia pamoja mara nyingi ni wa upande mmoja, nao huwa ni upande wa mume. Mke aliyeolewa kutoka kabila jingine hujikuta akihukumiwa na wajomba wa mumewe. Akilalamika sana huambiwa kwamba anawaaibisha mbele ya serikali ya watu, kwamba atawafukuzisha wote. Maneno hayo ni ya uongo, ila yeye hana mtu wa kumwambia kwamba ni ya uongo, isipokuwa wewe.

Liko jambo la pili ambalo askari wa doria hawezi kulijua asipoambiwa, nalo ni karatasi. Familia ya wakimbizi huandikwa pamoja katika barua moja ya utambulisho itolewayo na Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye majina ya watu wote wa nyumba hiyo. Kwa barua hiyo hutambulika wanaostahili chakula au fedha, kiwanja cha kujenga, na mengine mengi. Barua hukaa mfukoni mwa mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo ni mume. Kwa hiyo mke akitoka usiku akikimbia kipigo, hutoka pasipo na unga, pasipo na kiwanja, na pasipo na ushahidi mkononi kwamba yeye ni mtu halali katika nchi hii. Mume hulijua hilo. Hana haja ya kumfunga kamba. Humwambia tu: nenda, tuone utakula nini.

Vivyo hivyo kwa mke aliyeingia nchini kwa kibali cha kumtegemea mumewe. Kibali kimeandikwa kwa sababu ya mume. Mume akitishia kwamba atakwenda uhamiaji kukifuta, mke huona bora avumilie fimbo. Na yule asiye na karatasi yoyote hupigwa akanyamaza kabisa, kwa kuwa anaamini kwamba akikanyaga kituo cha polisi atakayelala rumande ni yeye.

Mambo haya si ya Uganda peke yake, wala si ya nchi maskini peke yake. Marekani waliyaona, na sheria yao ya mwaka 1994 juu ya ukatili dhidi ya wanawake ikaweka njia ya mke mgeni aliyeolewa na raia, au na mkazi wa kudumu, kuomba hati zake mwenyewe pasipo kupitia mikononi mwa mume amtesaye. Kanada walikwenda mbele wakarudi nyuma: mwaka 2012 waliweka sharti kwamba baadhi ya wanandoa wageni waishi na wenzao miaka miwili ndipo ukazi wao uthibitike. Waliwasamehe wenye kuteswa, lakini ilionekana kwamba mwanamke mwenye hofu hajui kuomba msamaha wa namna hiyo, na mwaka 2017 sharti likaondolewa. Wakongo, Warundi na Waganda wanaoishi huko wamo katika hesabu hiyo. Nchi hizo zina fedha na mahakimu kutushinda, na bado zilichukua miaka mingi kutambua kwamba karatasi mikononi mwa mume mkatili ni silaha.

Sisi tunayo sheria nzuri, tena katika baadhi ya mambo ilitangulia. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mwanamke haki ya kuomba ukimbizi kwa jina lake mwenyewe, na inamtambua kuwa mkimbizi hata mtu aliyekimbia kuteswa kwa sababu ya kukataa mila zinazombagua kwa jinsia yake. Sheria ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2010 haikuuliza uraia wa anayepigwa. Haikusema mke wa raia, wala mke mwenye kibali. Ilihesabu kuwa ukatili si kipigo tu, bali pia kumlazimisha mtu kimwili, kumtesa moyo, kumtukana, na kumnyima riziki au mali aliyostahili. Kuficha barua ya familia ili mke asipate chakula chake kumo humo, kwa maoni yangu, na ningependa siku moja hakimu aliseme waziwazi.

Sheria hiyo hiyo ya 2010 ilimwekea polisi wajibu wake. Anapopokea malalamiko humpasa amsaidie aliyeteswa, pamoja na kumwonyesha njia ya kupata mahali pa kujihifadhi. Ahakikishe anafika kwa mganga kama ameumia. Amweleze kwamba anayo haki ya kufungua shauri la jinai na haki ya kumwomba hakimu amri ya kumlinda. Mwanamke akiomba kuandikiwa maelezo na askari mwanamke, ombi hilo lifuatwe. Haikukataza usuluhishi. Mahakama ya baraza la mtaa yaweza kusikiliza shauri dogo na hata kupatanisha. Lakini kama mshitakiwa alikwisha kutenda hivyo zamani, au yaelekea ataumiza zaidi, shauri lataka kwenda polisi na kwa hakimu. Kwa mke mgeni hatari ya kuumizwa zaidi ni kubwa kwa sababu ile niliyokwisha kuitaja: anarudi mahali ambapo hakuna shemeji wa kumzuia mume.

Hapa ndipo aingiapo mtu ambaye askari wengi humdharau kwa kutomjua, yaani ofisa wa ustawi wa jamii. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba kazi yake ni kutoa pole. Kama ingekuwa hivyo, serikali isingekuwa na haja ya kumlipa mshahara, maana pole hutolewa bure sokoni. Makerere wamekuwa wakiifundisha kazi hii tangu miaka ya 1960, na Nsamizi, Mpigi, wametoa vizazi kadhaa vya maofisa hao. Kila wilaya ina ofisa wake wa ustawi, tarafa zina maofisa wa maendeleo ya jamii, na katika makazi ya wakimbizi wapo wafanyakazi wa namna hiyo walioajiriwa na mashirika.

Kwa mwanamke mgeni, mtu huyu hufanya kazi ile ile iliyofanywa na ssenga na ndugu wa kiume, ila huifanya kwa kalamu na ofisi. Humketisha peke yake na kumsikiliza mpaka mwisho, pasipo kumwuliza alimkosea nini mumewe. Humwuliza maswali ambayo polisi hawezi kuyauliza kaunta: mume akilewa huwa siku gani? Panga linawekwa wapi? Ukikimbia usiku utapita njia ipi, na watoto watabebwa na nani? Kisha huandika pamoja naye mpango wa kujiokoa. Kama alishikwa kwa nguvu, humpeleka zahanati kabla ya saa 72 kwisha, kwa kuwa dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazina kazi baada ya hapo. Huenda ofisi ya kamanda wa makazi kuomba familia igawanywe katika maandishi, mke na watoto wapate barua yao wenyewe. Humtafutia mwanasheria wa bure. Ule Mradi wa Sheria za Wakimbizi wa Chuo Kikuu cha Makerere umekuwa ukiwahudumia watu wa namna hiyo tangu mwaka 1999. Ikibidi, huomba ahamishiwe makazi mengine ambako mume hatamfikia. Na baada ya miezi mitatu hurudi kugonga mlango, aone kama mtu yu hai.

Askari hawezi kufanya hayo, wala hakuajiriwa kwa hayo. Ana wezi wa kufuata. Lakini yeye ndiye mlango wa kuyafikia, hasa usiku, wakati ofisi nyingine zote zimefungwa na kituo cha polisi peke yake kina taa. Akimrudisha mwanamke nyumbani amefunga mlango huo. Akimwandika, akampa fomu ya polisi ya uchunguzi wa mganga, ambayo haiuzwi, na kumwita ofisa wa ustawi, amemaliza kazi yake na kuifanya kwa ukamilifu. Simu 116, isiyolipiwa, iliwekwa na serikali kwa ajili ya watoto, lakini wasikilizaji wake wanajua pia ukatili wa nyumbani. Ibandikwe ukutani nyuma ya kaunta.

Nije kwenye jambo la lugha, maana linawahusu wasomaji wa ukurasa huu kuliko watu wengine wote nchini. Kiswahili ni lugha ya kambi na vituo tangu enzi za ukoloni, na raia wengi walikiogopa kwa sababu hiyo. Lakini mwanamke atokaye Kivu au Ituri, na Warundi wengi pia, hawajui Kiingereza wala Luganda wala Runyankore, wanajua Kiswahili. Katika wilaya nzima huenda mtumishi wa serikali awezaye kumwelewa moja kwa moja akawa ni askari tu. Lugha iliyowahi kumtisha raia yaweza sasa kumwokoa.

Asidhani hata hivyo kwamba Kiswahili chao ni hiki chetu. Miongoni mwa Wakongo wapo watamkao "kupika" kwa maana ya kupiga. Mwanamke akisema "bwana ananipika", askari asiyejua hucheka, na wenzake wakacheka, na yeye aliyekuja kwa shida akageuka na kwenda zake. Aulizwe kwa upole ana maana gani. Na pale ambapo lugha haipo kabisa, kama kwa wanawake wengi wa Sudan Kusini wasemao Kiarabu cha Juba au lugha za kwao, mkalimani asiwe shemeji, asiwe jirani wa mume, wala asiwe mtoto. Mtoto wa miaka kumi asifanywe kutamka kwa kinywa chake yale aliyotendewa mama yake.

Hoja moja ya askari yastahili kujibiwa, kwa kuwa si ya kijinga. Husema: hawa wanawake hudai kupigwa ili wapelekwe Marekani au Kanada. Ni kweli kwamba Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi huwahesabu wanawake walio hatarini katika mafungu ya wanaoweza kuhamishiwa nchi ya tatu, na kwamba penye njia ya kutokea hapakosi mwongo. Lakini wahamishwao kila mwaka hawafiki mkimbizi mmoja katika kila mia duniani, na Marekani, iliyokuwa ikichukua wengi, iliusimamisha mpango wake Januari 2025. Zaidi ya hayo, si polisi anayeamua nani apande ndege. Wapo wanaolipwa kuyapima hayo, tena kwa mahojiano ya miezi na miaka. Polisi huulizwa swali moja tu: je, mtu huyu amepigwa? Jibu lake liko mwilini mwa mwanamke na katika fomu ya mganga.

Sasa niwageukie wanajeshi, kwani nisingependa wasome makala hii kana kwamba ni ya polisi peke yao. Majeshi yetu yamefanya kazi mbali na nyumbani: Kongo tangu 1998 hadi 2003 na tena tangu Novemba 2021, Somalia tangu Machi 2007, Sudan Kusini tangu Desemba 2013 hadi 2015. Katika majeshi yote ya dunia askari huoa huko alikotumwa, na si aibu. Lakini mwanamke aliyefuata sare akavuka mpaka ni mgeni kuliko mkimbizi. Mkimbizi angalau ana wenzake waliokimbia naye na ana ofisi yenye jina lake. Huyu ana mtu mmoja tu. Jina lake halimo katika daftari lolote isipokuwa pengine lile la wakazi wa kambi. Mume akihamishwa kikosi, yeye huachwa katika chumba cha kupanga. Akirudi na hasira za vitani, hizo hasira humwangukia yeye. Naye anaona bunduki. Hata isipotajwa, anaiona.

Kamanda anayeletewa malalamiko ya mwanamke wa namna hiyo hushawishika kumlinda askari wake, akisema kwamba ni kijana hodari na mambo yatapoa. Sheria ya 2010 haikuweka kifungu cha kumsamehe mwenye sare; adhabu yake, ambayo yaweza kuwa kifungo cha hadi miaka miwili, ni kwa mtu yeyote. Lililo karibu zaidi ni kwamba kamanda anaweza kufanya jambo ambalo polisi wa raia hawezi: anaweza kumhamisha mume alale mabwenini usiku huo huo, kuiondoa silaha mikononi mwake, na kumpigia simu ofisa wa ustawi wa wilaya asubuhi. Hayo hayahitaji hakimu, bali saini yake.

Hali ya miaka hii imefanya mambo kuwa magumu zaidi. Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani liliwaondoa wakimbizi wapatao milioni moja hapa Uganda katika orodha ya kupewa msaada, kwa kukosa fedha, na mashirika mengi yalipunguza wafanyakazi, wakiwamo wale wa ustawi. Nyumba yenye njaa hugombana upesi. Mfanyakazi aliyekuwa akipita kila juma sasa hupita mara chache, na kwa hiyo habari nyingi zitamfikia askari kabla ya kumfikia mtu mwingine yeyote. Wilaya zenye makazi ya wakimbizi zingefanya vyema kuwakutanisha mkuu wa kituo, kamanda wa makazi na ofisa wa ustawi angalau mara moja kwa mwezi, wakiwa na daftari mezani, wahesabu nani alikuja na alipelekwa wapi. Mkutano wa saa moja hauna gharama zaidi ya chai.

Na katika daftari hilo liwemo jambo moja dogo ambalo husahauliwa. Mwanamke anapoandikisha shauri huombwa namba ya simu, naye hutoa ile ya nyumbani. Kesho yake polisi hupiga ili kumwita, na simu hupokewa na mume. Yaliyofuata baada ya simu za namna hiyo, wauguzi wa zahanati wanaweza kuyasimulia. Aulizwe kwanza: simu hii ni ya nani, nani huishika usiku, na kuna saa gani ambayo tukipiga utakuwa peke yako? Asipokuwa na saa hiyo, asipigiwe. Apewe siku ya kuja mwenyewe, siku ya soko, wakati ambapo hakuna atakayemwuliza anakwenda wapi.